Ushuru wa Kulipizana: Rwanda na Washirika Wake wa Biashara

Ushuru wa kulipizana ni utaratibu ambao nchi huzitoza bidhaa za mshirika wake wa biashara kiwango kilekile cha ushuru wa forodha ambacho mshirika huyo huzitoza bidhaa zake. Wanaoutetea husema ni haki tupu: anayefunga mlango naye afungiwe, mpaka aone hasara na kufungua. Wanaoupinga hujibu kwamba ushuru hulipwa forodhani na mwagizaji wa nchi inayoutoza, na mwagizaji huuongeza kwenye bei ya dukani, hivyo anayelipiza huanza kwa kuwaumiza watu wake mwenyewe. Ubishi huu ni wa zamani. Adam Smith, katika kitabu chake cha 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alikubali kulipiza pale tu ambapo kuna matumaini ya kweli kwamba upande wa pili utauondoa ushuru wake. Matumaini hayo yakikosekana, aliona kulipiza ni kuongeza hasara juu ya hasara.

Jambo la kwanza linaloamua ni ukubwa wa soko. Nchi yenye wanunuzi wengi inaweza kumlazimisha muuzaji wa nje kushusha bei ili asipoteze wateja, na hapo sehemu ya ushuru humwangukia yeye. Rwanda, ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, haina uzito huo. Hakuna kiwanda cha Guangzhou, China, kitakachopunguza bei kwa sababu Kigali imepandisha ushuru. Tena nchi haina bahari. Mizigo yake mingi hushushwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa lori takriban kilomita 1,500, au hushushwa Mombasa na kupitia Uganda. Nauli ya njia hiyo tayari imepandisha bei kabla afisa wa forodha hajafungua hati.

Jambo la pili ni sheria. Rwanda ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1996, na kanuni kuu ya shirika hilo ni kutobagua: kiwango anachotozwa mwanachama mmoja ndicho wanachotozwa wote, isipokuwa pale palipo na umoja wa forodha, eneo la biashara huria au unafuu maalumu kwa nchi maskini. Nchi inayomtoza kila mshirika kiwango chake kwa kumwiga inaivunja kanuni hiyo waziwazi. Kanuni hizohizo pia hazizidai nchi zinazoendelea kurudisha unafuu sawasawa na ule zinaopewa. Ndiyo maana bidhaa za Rwanda, isipokuwa silaha, huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru wala kikomo tangu 2001, bila Kigali kulazimika kuzifungulia bidhaa za Ulaya kwa kiwango hicho.

Zaidi ya hayo, Rwanda haijipangii ushuru peke yake. Iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuanza kutumia Ushuru wa Pamoja wa Forodha mwaka 2009. Viwango vyake vilikuwa asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu na 25 kwa bidhaa zilizokamilika; kiwango cha nne, asilimia 35, kilianza Julai 2022. Nchi mwanachama inayotaka kiwango tofauti huomba ruhusa ya muda. Ruhusa hizo zimekuwa nyingi kiasi cha kuupunguzia ushuru huo jina lake la “pamoja”, lakini ndio mlango halali uliopo, na Rwanda imeutumia.

Mfano wa kulipiza kwa kipimo kilekile ulitokea mwaka 2013, na haukuhusu ushuru wa bidhaa bali tozo ya barabara. Tanzania ilipandisha tozo kwa malori yaliyosajiliwa Rwanda kutoka dola 152 hadi dola 500 za Marekani. Rwanda ikajibu kwa kuyatoza malori ya Tanzania dola 500 vilevile. Kwenye karatasi pande mbili zilikuwa sawa. Lakini sehemu kubwa ya mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali ilikuwa ikibebwa na malori ya Tanzania, na mizigo hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara wa Rwanda: saruji, ngano, mafuta ya kupikia, vipuri. Msafirishaji anayetozwa zaidi kwenye mpaka wa Rusumo hupandisha nauli, na nauli hiyo humkuta mnunuzi katika soko la Kimironko mjini Kigali.

Mgogoro mkubwa zaidi ulihusu mitumba, ambayo nchini Rwanda huitwa caguwa. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuachana hatua kwa hatua na nguo na viatu vya mitumba kutoka nje, ili viwanda vya nguo na ngozi vya ukanda huu vipate soko. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Robota la kilo 45 lililokuwa likilipiwa dola 9 likawa linalipiwa dola 112.50 kabla kamba zake hazijakatwa. Lengo halikuwa kumlipiza yeyote, bali kuinua viwanda vya ndani kama Utexrwa, kilichoanza miaka ya 1980, na vile vilivyofunguliwa katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali.

Aliyelipiza alikuwa Marekani. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa huko kiliwasilisha malalamiko kwamba uamuzi wa Afrika Mashariki unahatarisha ajira za Wamarekani. Silaha iliyotumika ilikuwa AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema kwenye mpango wa mitumba. Ilikuwa ikiuza Marekani nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, na maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vyake walitegemea soko hilo. Tanzania na Uganda nazo zililegeza. Rwanda ilikataa. Tarehe 29 Machi 2018 Marekani ilitoa notisi ya siku 60, na mwisho wa Julai nguo za Rwanda ziliondolewa kwenye unafuu wa AGOA. Fulana ya pamba iliyoshonwa Kigali ikaanza kutozwa asilimia 16.5.

Adhabu ile haikuivunja Rwanda, na sababu yake ndiyo kiini cha suala zima. Nguo ilizokuwa ikiuza Marekani zilikuwa za takriban dola milioni 1.5 kwa mwaka, kama asilimia 3 ya mauzo yake yote huko. Kahawa mbichi haikuwa ikitozwa ushuru Marekani wakati huo, AGOA iwepo au isiwepo. Tishio lilikuwa lilelile kwa nchi zote nne, ila Kenya ilikuwa na kikubwa cha kupoteza na Rwanda haikuwa nacho. Baada ya kuadhibiwa, Kigali haikupandisha ushuru wa bidhaa za Marekani. Ilibaki na ushuru wake wa mitumba na kuishia hapo, na huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa mashine na vifaa inavyoagiza kutoka huko vingekuwa ghali zaidi bila Washington kuhisi lolote.

Sera yenyewe ya mitumba ilikuwa na gharama zake. Wachuuzi wengi walipoteza mitaji, familia za kipato kidogo zilikosa nguo imara za bei nafuu, magendo kutoka Kongo na Uganda yakashamiri, na pengo kubwa lilijazwa na nguo mpya za bei rahisi kutoka China. Hayo yanapaswa kuhesabiwa kwenye faida na hasara ya kulinda viwanda, ambalo ni swali tofauti na la kulipiza.

Tarehe 2 Aprili 2025 Marekani yenyewe ilitangaza ushuru iliouita wa kulipizana, Rwanda ikapangiwa asilimia 10. Hata hivyo, viwango vya juu katika orodha ile havikufuata ushuru ambao nchi husika zilitoza. Vilikokotolewa kwa kugawanya nakisi ya biashara ya Marekani na kila nchi kwa thamani ya bidhaa ilizonunua kutoka huko, kisha kupunguzwa nusu. Kwa hesabu hiyo Lesotho, nchi ndogo inayouza nguo na almasi, ilipewa asilimia 50. Rwanda haikujibu kwa ushuru wake.

Kulinganisha ushuru kunakofanya kazi ni kwa kushusha, si kwa kupandisha. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, uliotiwa saini na nchi 44 mjini Kigali tarehe 21 Machi 2018, siku nane kabla ya notisi ya Marekani, unazitaka nchi kuondoleana ushuru kwenye asilimia 90 ya aina za bidhaa. Nchi zenye maendeleo duni, Rwanda ikiwemo, zimepewa miaka kumi, nyingine mitano. Majaribio ya kwanza ya biashara chini ya mkataba huo yalianza mwaka 2022, na miongoni mwa shehena za mwanzo ilikuwamo kahawa ya Rwanda iliyopelekwa Ghana.