Sandarusi ya Uzaramo

Mtu anayeunda ndege ndogo ya Spitfire ya plastiki ya kipimo cha 1/48 mara nyingi haridhiki na kiti na dashibodi alivyovikuta ndani ya boksi. Huviweka kando, akanunua vingine vya resini. Resini hiyo ni vimiminika viwili vya kiwandani: huchanganywa, humiminwa kwenye kalibu ya mpira wa silikoni, na vikiganda huwa vimenasa hata mikanda ya rubani. Kemia ya poliyurethani, inayotumika sana katika kazi hiyo, ilianzia Ujerumani mwaka 1937 kwa Otto Bayer na wenzake.

Karne moja kabla yake, mafundi wa Ulaya na Marekani walitafuta resini nyingine, iliyohesabiwa kuwa ngumu kuliko zote za aina yake. Waliiita kopali ya Zanzibar. Sehemu kubwa yake haikutoka kisiwani. Ilichimbwa bara, na Uzaramo, nchi ya Wazaramo ambamo zimo wilaya za leo za Kisarawe na Kibaha, ilikuwa miongoni mwa machimbo yake makuu.

Wenyeji waliijua kwa jina la sandarusi. Ni utomvu wa msandarusi, mti wa misitu ya pwani, unaochuruzika kwenye shina na mizizi kisha ukagandamana. Ule uliobanduliwa mtini ungali mbichi uliitwa chakazi. Ulikuwa laini, bei yake ndogo, na ulipelekwa zaidi India na China. Mali yenyewe ilikuwa ile iliyofukiwa ardhini miaka mingi, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa tena na msandarusi hata mmoja. Mchimbaji hakuwa na mti wa kumwonyesha pa kuanzia. Ilimpasa kuusoma udongo.

Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, akaeleza namna kazi ilivyofanyika. Mchimbaji alitoboa ardhi kwa mti uliochongoka, shimo la upana wa inchi sita hivi, akachota udongo kwa mkono mpaka mkono ukafika mwisho wake. Hapo akahamia pengine. Burton aliwalaumu wachimbaji kwa kuacha mashimo kabla hayajaisha. Lawama hiyo si ya haki. Mzaramo alikuwa mkulima kwanza. Sandarusi aliichimba pale shamba lilipomruhusu, na kwa bei aliyolipwa hakuwa na sababu ya kujizika kwenye shimo refu kwa faida ya tajiri wa Unguja.

Na bei hiyo ilikuwa na wenyewe. Mkataba wa mwaka 1839 kati ya Uingereza na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, uliwazuia wageni kununua pembe za ndovu na sandarusi moja kwa moja kwenye pwani ya Mrima, kati ya Tanga na Kilwa. Mzigo ulishuka pwani, ukapimwa kwa frasila, ukavushwa kwenda Unguja, ambako ushuru wa forodha ulikuwa mikononi mwa Jairam Shivji na nyumba yake ya biashara. Mchimbaji alilipwa zaidi kwa nguo, hasa merekani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts, Marekani.

Huko huko Massachusetts ndiko sehemu kubwa ya sandarusi ilikokwenda. Meli za mji wa Salem zilianza kuibeba kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1830, na mwaka 1835 Jonathan Whipple akafungua hapo kiwanda cha kuisafisha. Vipande viliroweshwa kwenye maji ya magadi mpaka ganda la mchanga likatoka, na chini yake pakaonekana uso wenye vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wanunuzi waliutafuta uso huo, kwa kuwa ulithibitisha kwamba sandarusi imekomaa. Baadaye iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi ya magari ya farasi, mabehewa ya reli na piano. Kodi ya Marekani ya mwaka 1861 juu ya sandarusi isiyosafishwa ndiyo iliyoirudisha kazi ya kuosha Afrika Mashariki.

Wataalamu walibishana kama ile ya ardhini ilitoka kwenye mti uliokwisha kutoweka. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa akiiwakilisha Uingereza Unguja, alichunguza majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande hivyo, akaonyesha kwamba mti ni ule ule unaoota pwani hadi leo.

Biashara hii haikuuawa na jambo moja. Kopali ya Kongo na kauri ya New Zealand zilishindana nayo sokoni. Utawala wa Kijerumani ukaanza kutenga misitu ya pwani na kuwabana waliozoea kuitumia. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameifuatilia habari hiyo kwa kirefu. Kisha zikaja resini za maabara, kuanzia bakelaiti ya Leo Baekeland mwaka 1907.

Misitu nayo ikapata mteja mwingine. Dar es Salaam ilipokua ilihitaji mkaa, na mkaa ukatoka karibu: Pugu, Kazimzumbwi, Ruvu. Leo katika makumbusho ya Ulaya wapo nyuki na mchwa walionaswa kwenye sandarusi, na vibandiko vyao vimeandikwa Zanzibar. Kisarawe na Kibaha zinastahili kuandikwa hapo, na watoto wa shule za wilaya hizo wanastahili kufundishwa kazi ile ilivyokuwa, wakati misandarusi iliyosalia ingali inaweza kuonyeshwa kwa kidole.