Antena za Vihisi vya Barafuto

Antena za vihisi vya barafuto ni antena za redio zinazounganisha vihisi vilivyofukiwa ndani au chini ya barafuto na kituo cha kupokea data kilicho juu yake. Vihisi hupima shinikizo la maji, halijoto na mwinamo, vipimo vinavyoeleza jinsi barafuto inavyoteleza juu ya mwamba. Waya hutumika pia, lakini barafu haikai mahali pamoja: huuvuta waya mpaka ukakatika.

Tabia ya barafu na maji

Barafu kavu hupitisha redio vizuri. Mawimbi yanayokimbia mita 300 kwa mikrosekunde hewani hupungua hadi mita 168 hivi ndani yake, na urefu wa wimbi husinyaa kwa kiasi hichohicho. Antena ya robo wimbi ya megahezi 433 ina sentimita 17 hewani. Ikizungukwa na barafu tupu yatosha sentimita 10. Kwa hiyo antena iliyofanya vizuri mezani hukutwa imehama masafa yake ikishafukiwa, na sehemu ya nishati hurudi kwenye kirushaji badala ya kutoka nje. Gamba la kihisi na maji yaliyobaki shimoni huyavuruga mahesabu zaidi, hivyo kipimo cha kuaminika ni kile kinachochukuliwa antena ikiwa mahali pake.

Tatizo kubwa, hata hivyo, ni maji. Barafuto nyingi za Norway na Iceland ziko kwenye kiwango cha kuyeyuka, zikiwa na vifuko na mishipa ya maji kila mahali. Ndani ya maji baridi mawimbi huenda polepole zaidi ya mara tisa kuliko hewani, na tofauti hiyo hufanya kila kifuko kiyatawanye. Vifuko vikiwa vidogo sana kuliko wimbi, mtawanyiko hukua kwa kipeo cha nne cha masafa: masafa yakishushwa nusu, mtawanyiko hupungua mara 16. Ndiyo sababu kuu ya wabunifu makini kukimbilia masafa ya chini. Majira ya joto, tabaka za juu zinapolowa, mawasiliano huzorota. Baridi ikirudi, vihisi vilivyonyamaza kwa miezi huanza kusikika tena.

Mradi wa Glacsweb

Kazi inayojulikana zaidi ni Glacsweb ya Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, iliyoongozwa na Kirk Martinez, mtaalamu wa kompyuta, na Jane Hart, mwanajiografia. Vihisi vyake vilianza kufukiwa mwaka 2003 katika barafuto ya Briksdalsbreen, Norway, kwenye mashimo yaliyotobolewa kwa maji ya moto yenye shinikizo. Kila kimoja kilikuwa kidonge cha poliesta chenye urefu wa sentimita 15 hivi, betri, saketi na antena vyote vikiwa ndani. Gamba la chuma lingehimili mgandamizo vizuri zaidi, lakini lingeziba mawimbi kabisa.

Megahezi 433 zilitumika Norway. Ili kukwepa tabaka la juu lenye maji, kipokezi kiliteremshwa ndani ya barafu na kuunganishwa kwa kebo na kituo cha juu. Mradi ulipohamia Skálafellsjökull, Iceland, mwaka 2008, masafa yalishushwa hadi megahezi 173, uamuzi wa busara uliofungua njia ndefu zaidi kupita kwenye barafu yenye maji.

Gharama ya masafa ya chini

Masafa yakishuka, antena yapaswa kurefuka, ilhali shimo halipanuki. Harold Wheeler mwaka 1947 na Lan Jen Chu mwaka 1948 walionyesha kwamba antena ndogo kuliko wimbi lake hulipa kwa upana wa masafa au kwa ufanisi. Vihisi vya barafuto huvumilia hasara ya kwanza, kwa kuwa data yao ni chache na hutumwa polepole.

Kihisi cha Cryoegg cha Chuo Kikuu cha Cardiff ni tufe la milimita 120 linalotumia megahezi 169, kwa teknolojia ya redio iliyobuniwa kwa ajili ya kusoma mita za gesi na maji. Wimbi lake ndani ya barafu lina mita moja hivi, na robo yake tayari ni mara mbili ya kipenyo cha tufe. Hata hivyo ishara yake ilipita kilomita 1.3 za barafu baridi ya Greenland. Mfumo wa vihisi wa WiSe wa Chuo Kikuu cha Utrecht ulishuka hadi megahezi 30 na kupenya mita 2,500 za barafu.

Mwelekeo

Kihisi hubiringika, na antena yake ikikaa mkingamo na ile ya kupokea, ishara huweza kupotea. Hivyo antena ya kupokea hupendelewa iwe ya mpolarisho wa duara, isiyojali wimbi linatikisika upande gani, inayopoteza nusu ya nguvu lakini haipotezi ishara nzima.

Antena za juu

Hapa adui ni upepo, theluji na mlingoti unaoinama barafu ikiyeyuka chini yake. Glacsweb ilisimamisha piramidi ya mabomba iliyoshikiliwa na uzito wa betri zake, ikishuka pamoja na uso wa barafu.

Matumizi ya sasa

Teknolojia hii bado imo mikononi mwa watafiti wa vyuo vikuu.