Mzani Ukigoma Baada ya Upasuaji: Somo la Watu Wasiotajwa Majina

Mitandaoni zipo picha mbili tu: "kabla" na "baada". Kushoto mtu ana kilo 130, kulia ana 75, gauni jipya, tabasamu mpaka jino la mwisho. Picha ya katikati haipostiwi. Ni ile asubuhi ya wiki ya tatu, au ya mwezi wa nane, mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito anapanda mzani na kukuta namba ileile ya jana, ya juzi na ya wiki iliyopita.

Hapo maneno yanaanza. "Karudia kula hovyo huyo." "Hela yote ile bure!" Mwenyewe naye anajilaumu, na wengine wanaamua kuacha kula kabisa ili mzani uanze kusogea. Kumbe mzani kusimama ni jambo lililojulikana tangu kabla upasuaji wenyewe haujaanza. Waliolionyesha ni watu wa kawaida. Madaktari wao wametajwa vitabuni, wao wengi wamebaki kuwa namba tu.

Vijana 36 na njaa ya makusudi

Novemba 1944, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, vijana 36 wa kiume walianza kushiriki utafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao, wakakubali kushindishwa njaa badala yake. Mtafiti Ancel Keys alitaka kujua namna bora ya kuwarudishia afya mamilioni ya watu walioathiriwa na njaa ya vita.

Kwa wiki 24 walikula takriban kalori 1,570 kwa siku: viazi, kabichi, mkate, tambi. Kila wiki walitembea kama kilomita 35. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, ila haukushuka kwa mwendo mmoja. Mwanzoni uliporomoka, kisha kasi ikapungua wiki hadi wiki, na mwishoni mzani ukawa kama umesimama. Njaa ilikuwa palepale.

Miili yao ilikuwa imeanza kubana matumizi. Mapigo ya moyo yalipungua, walisikia baridi hata wakati wa joto, na nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika ilishuka kwa takriban asilimia 40. Waliota chakula usiku, na baadhi walisoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma riwaya. Walikuwa chini ya uangalizi, chakula chao kikipimwa.

Wagonjwa wa kwanza

Miaka michache baadaye, huko huko Minnesota, madaktari wakaingia na kisu. Mwaka 1954 Arnold Kremen na wenzake waliripoti upasuaji wa kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, ili chakula kipite haraka bila kufyonzwa chote. Kwa mtu mnene ilisikika kama ndoto: kula, halafu pungua.

Kwenye miaka ya 1960 na 1970 upasuaji wa namna hiyo ukaenea, na uzito kweli ukashuka. Lakini wagonjwa wakaanza kurudi hospitali na kuharisha kusikoisha, mawe kwenye figo, upungufu wa vitamini na madini, na ini lililoharibika. Baadhi walifariki. Wengine ilibidi wafunguliwe tena na utumbo urudishwe ulivyokuwa. Kufikia miaka ya 1980 upasuaji huo ulikuwa umeachwa. Somo lao lilikuwa chungu: mzani unaweza kushuka vizuri huku mwili unakufa njaa ndani kwa ndani.

Wakati huo huo, katika jimbo jirani la Iowa, daktari Edward Mason alikuwa ameona jambo. Wanawake waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba, na kunenepa tena kukawa kazi. Mwaka 1966 yeye na Chikashi Ito wakageuza tatizo hilo kuwa tiba: wakatenga kipande kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Huo ndio mzizi wa upasuaji wa kuruka tumbo unaofanyika hadi leo, siku hizi mara nyingi kupitia matundu madogo. Upasuaji mwingine maarufu sasa ni ule wa kukata tumbo libaki jembamba kama mrija.

Watu 2,010 wa Sweden

Swali la "je, ukisimama ndiyo basi?" lilijibiwa vizuri zaidi Sweden. Kuanzia 1987, watafiti waliwafuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 wenye unene mkubwa ambao hawakufanyiwa. Walioruka tumbo walifika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wamepungua wastani wa asilimia 32. Baada ya miaka 10 walikuwa kwenye asilimia 25. Yaani uzito ulishuka, ukasimama, ukarudi kidogo, kisha ukatulia.

Ukitazama kwa jicho la mitandaoni, utasema wamefeli. Lakini matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa hatari ya kufa kwa kundi la upasuaji ilikuwa chini kwa takriban asilimia 29, baada ya kuzingatia umri, jinsia na magonjwa waliyokuwa nayo mwanzo. Mzani uliosimama ulikuwa bado unaokoa maisha.

Sasa mzani ukigoma?

Kwanza, angalia ni lini. Wiki za mwanzo mwili huchoma akiba ya wanga iliyoshikana na maji mengi, ndiyo maana kilo hukimbia. Akiba ikiisha na maji yakianza kujipanga upya, mzani husimama siku kadhaa, hata wiki mbili tatu, huku mafuta yakiendelea kupungua. Nguo na futi ya fundi cherehani husema ukweli ambao mzani haujausema.

Kusimama kwa miezi ya baadaye ni kitu kingine. Mwili wa kilo 80 hauhitaji chakula cha mwili wa kilo 120, na unabana matumizi kama wale vijana wa Minnesota. Kujinyima zaidi kunakula misuli, na misuli ikipungua matumizi hushuka tena.

Kwa hiyo protini inatangulia kwenye sahani: mayai, samaki, kuku, maharage, mtindi. Wengi huelekezwa gramu 60 hadi 80 kwa siku. Mboga zifuate, ugali au wali uje mwisho, kama nafasi ipo. Tafuna taratibu. Maji yanywewe kati ya mlo na mlo, kama nusu saa baada ya kula, siyo kushushia tonge. Mazoezi ya kubeba uzito yanalinda misuli.

Jihadhari na vitu vinavyoteleza: soda, juisi, aiskrimu, chokoleti, krispi. Tumbo dogo halivizuii, na kwa aliyeruka tumbo sukari nyingi inaweza kumletea jasho, kizunguzungu na kuharisha. Pombe nayo hupanda haraka kuliko zamani.

Vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, ni vya maisha yote, pamoja na vipimo vya damu. Kutapika kusikoisha, ganzi miguuni au nywele kukatika sana ni ya kupeleka kwa daktari mapema. Na uzito ukirudi kwa kasi, huko pia ni kwa daktari na mtaalamu wa lishe, siyo kwa muuza chai ya kukata tumbo.

Wagonjwa wa kwanza walilipia elimu hii kwa ini na figo zao. Anayepanda mzani leo na kukuta namba haijasogea hana sababu ya kuilipia upya kwa kuacha kula.