Malindi na Safari za Ulaya: Kutoka kwa Rubani wa 1498 hadi Setilaiti ya Uhuru



Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi wetu wa Rwekubo, wa Nakivale yote na wa Mbarara. Leo tuzungumze historia. Wengi wetu tukisikia habari za roketi na setilaiti, tunadhani ni mambo ya Marekani na Urusi tu, hayatuhusu. Lakini setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota, ilirushwa kutoka pwani ya Waswahili, tena ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Basi inafaa tujiulize, watu wa pwani walitoa nini katika kazi ile, na walibaki na nini?

Ili tulijibu swali hili vizuri, turudi nyuma zaidi ya miaka mia tano. Malindi imekuwa mlango wa safari kubwa za Wazungu mara mbili, na mara hizo mbili hazikufanana.

Mara ya kwanza: walihitaji mtu

Mwezi wa Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Malindi na meli zake. Mombasa hakupokewa vizuri, na alikuwa bado hajui njia ya kuvuka kwenda India. Alikuwa na mizinga na mabaharia wavumilivu. Kilichomkosesha ni elimu ya bahari hii: upepo wa kusi unaanza lini, nyota ipi inafuatwa usiku, na pwani ya India inakaribiwa kutoka upande gani.

Mfalme wa Malindi akampa rubani. Tarehe 24 Aprili wakatweka matanga, na tarehe 20 Mei wakawa wamefika karibu na Calicut. Zaidi ya wiki tatu tu, kwa sababu alikuwapo mtu mmoja anayejua.

Rubani huyo alikuwa nani? Vitabu vingi vimemtaja Ahmad bin Majid, mwanazuoni mashuhuri wa elimu ya bahari kutoka Oman. Wanahistoria wengi siku hizi hawalikubali hilo, kwani habari zilizoandikwa na Wareno wenyewe zinamtaja kuwa mtu wa Gujarat, yaani Mhindi. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia: inaelekea kuwa mtu aliyehitajiwa kuliko wote Malindi siku ile alikuwa mgeni. Hakuhitajiwa kwa ardhi wala kwa ukoo. Alihitajiwa kwa kile alichokijua.

Matokeo ya safari ile pia tunayajua. Mwaka 1505 Wareno walirudi na jeshi, wakaishambulia Kilwa na Mombasa na kuzipora. Elimu ni nguvu, na mwenye kuitoa hana budi kuangalia inakwenda kutumiwa wapi.

Mara ya pili: walihitaji mahali

Mara ya pili ilikuja katika miaka ya 1960. Luigi Broglio, mhandisi na afisa wa jeshi la anga la Italia, alitaka nchi yake iwe na setilaiti zake. Italia haikuwa na roketi kubwa wala uzoefu, ikaamua kuanza kwa kujifunza. Mwaka 1962 ilipatana na Marekani, na wahandisi wake wakapelekwa huko kufundishwa. Tarehe 15 Desemba 1964 Waitaliano hao walirusha wenyewe setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kwa roketi ya Kimarekani, kutoka kituo cha Wallops katika jimbo la Virginia.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta mahali pao wenyewe. Wakachagua bahari mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Huko walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya nguzo zilizokita chini ya bahari. Roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, na wasimamizi wakakaa kwenye jukwaa la Santa Rita, lililokuwa limetengenezwa kwa kazi ya kuchimba mafuta.

Kwa nini Ngomeni? Sababu ya kwanza ni ikweta. Wanaosafiri kutoka Mbarara kwenda Kampala hupita Kayabwe, pale penye alama ya ikweta ambapo watu husimama kupiga picha. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na duara lake pale ni kama kilomita 40,000. Gawanya kwa saa 24, utapata karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kila kitu kilicho ikweta kinakwenda kwa mwendo huo kuelekea mashariki, hata tukiwa tumeketi. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na mwendo huo, na kadiri unavyosogea mbali na ikweta, ndivyo msaada huo unavyopungua.

Mwanafunzi mwepesi atauliza: mbona Nakivale iko karibu na ikweta kuliko Ngomeni, kwa nini hawakuja kwetu? Ni kweli, sisi tuko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na Ngomeni ni karibu digrii tatu. Hapo ndipo inapokuja sababu ya pili. Roketi huangusha vipande vyake njiani, na upande wa mashariki wa Ngomeni kuna bahari tupu. Upande wa mashariki wa Nakivale kuna vijiji vya watu.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka Ngomeni. Tangu hapo hadi tarehe 25 Machi 1988 zilirushwa setilaiti tisa: nyingine za Italia, nyingine za Marekani, na moja ya Uingereza iliyoitwa Ariel 5, mwaka 1974.

Setilaiti iitwayo Uhuru

Mashuhuri kuliko zote ni ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Msimamizi wa mradi, mama wa Kimarekani aitwaye Marjorie Townsend, akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya watu wa Kenya waliowapokea.

Eksirei tunaijua hospitalini, ndiyo mionzi inayoonyesha mfupa uliovunjika. Viko vitu mbinguni vinavyotoa mionzi hiyo kwa nguvu kubwa, lakini hewa inayoizunguka dunia huizuia isifike chini, na kuzuiwa huko ni salama kwetu. Kwa hiyo anayetaka kuichunguza lazima apande juu ya hewa. Mwaka 1962 kundi la Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, liligundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jua letu na sayari zake. Walitumia roketi ndogo iliyokaa juu dakika chache tu kisha ikaanguka. Uhuru ilikaa juu na kuendelea kutazama kwa zaidi ya miaka miwili.

Ilipomaliza kazi mwaka 1973, wanasayansi walikuwa na orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kiko katika kundi la nyota la Cygnus, nacho huitwa Cygnus X-1. Vipimo vya Uhuru ndivyo vilivyosaidia kukitambua kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Nyota inayong'aa kuliko zote katika kundi hilo inaitwa Deneb, na wanafunzi wetu wa Kiarabu watalitambua neno dhanab, mkia. Wazungu walilipokea jina hilo kutoka kwa wanafalaki Waislamu na hawajalibadilisha mpaka leo. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Baada ya 1988 hakuna roketi nyingine iliyorushwa Ngomeni, lakini kituo cha nchi kavu kiliendelea kuzungumza na vyombo vilivyoko juu. Setilaiti ya Kitaliano BeppoSAX, iliyorushwa mwaka 1996, ilikuwa ikiteremsha habari zake Malindi. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, limekuwa likitumia kituo hicho kufuatilia roketi zake za Ariane zinazotoka Kourou huko Amerika ya Kusini. Darubini kubwa ya James Webb ilipopelekwa juu tarehe 25 Desemba 2021, ishara zake zilipokewa na antena ya Malindi mara baada ya kuachana na roketi.

Tulibaki na nini?

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 1498 Ulaya ilikuja Malindi ikihitaji elimu ya mtu. Katika miaka ya 1960 ilikuja na elimu yake, ikahitaji mahali. Tofauti hiyo ndiyo historia yenyewe. Katikati ya safari hizo mbili, wenzetu walisoma, nasi tukazidiwa.

Hatusemi Waitaliano walidhulumu kila kitu. Walileta kazi, na Wakenya wamefanya kazi pale kwa miaka mingi. Lakini malalamiko yamesikika mara nyingi pwani na katika bunge la Nairobi, kwamba wenyeji hawakuona faida inayolingana na mambo makubwa yaliyofanyika mbele ya macho yao. Mvuvi wa Ngomeni aliziona roketi zikipaa, lakini hakufundishwa kinachozipaisha. Mwenye mahali hulipwa kodi ya mahali, na siku mahali pengine pakipatikana, mpangaji huhama. Mwenye elimu huitwa kila mahali.

Hata serikali zenyewe ziliona hivyo. Katika mkataba mpya uliotiwa saini Oktoba 2016, Kenya na Italia zilipatana pia juu ya mafunzo na kugawana habari za setilaiti. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikisaidiwa na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na shirika la anga la Japani, kilifikisha juu setilaiti ndogo iitwayo 1KUNS-PF, ya kwanza ya Kenya.

Na Uganda? Wahandisi watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, walikwenda kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu huko Japani, wakatengeneza PearlAfricaSat-1, kisanduku cha sentimita kumi kila upande. Kilirushwa tarehe 7 Novemba 2022 kutoka Wallops, Virginia. Wallops hiyo hiyo ambako Waitaliano walianzia mwaka 1964! Kwa hiyo anayesema "sisi tumechelewa, haiwezekani" aangalie Italia ilianzia wapi: ilianza kwa kupeleka vijana kusoma.

Haya yanamhusu nini mtoto wa Rwekubo?

Yanamhusu sana. Hapa tumekusanyika watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Wengi wetu tunajua maana ya kuacha ardhi: shamba limebaki, nyumba imebaki, hati imepotea njiani. Alichosoma mtu hakikubaki nyuma. Fundi aliyejua ushonaji alifika na ushonaji wake, na aliyehifadhi Qur'ani alifika nayo kifuani.

Ndiyo maana tulisema tumkumbuke rubani wa Malindi. Hakuwa mwenyeji, pengine hakuwa na hata kiwanja pale. Lakini wageni wenye mizinga walimhitaji yeye, si yeye aliyewahitaji wao.

Husikika wakati mwingine mzazi akisema, "Tunangoja kuondoka tu, masomo ataanza huko tutakakokwenda." Ndugu yangu, huko utakakokwenda watauliza mtoto anajua nini. Na kama hamtakwenda, hapa pia watauliza hivyo hivyo. Mtoto wa miaka kumi asiyejua kugawanya hawezi hata kufanya ile hesabu ya Kayabwe, seuze hesabu ya roketi.

Vifaa vya kuanzia viko karibu kuliko tunavyodhani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupita juu yetu kila baada ya siku chache, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Ziwa Nakivale linaonekana humo, na mashamba pia. Mwalimu mwenye simu anaweza kuwaonyesha wanafunzi ukingo wa ziwa mwaka huu na mwaka uliopita, kisha awaulize kimebadilika nini na kwa nini. Usiku ukiwa hauna mawingu, mzazi anaweza kumtoa mtoto nje na kumwonyesha nyota zenye majina ya Kiarabu, bila senti moja.

Mara ya kwanza walimtaka mtu wetu, mara ya pili walitaka mahali petu. Ikija mara ya tatu, watakachotaka kwetu kinategemea daftari za watoto wetu leo jioni. Tuzikague.