Kutoka Lumbadzi Hadi Jeddah: Mbali Ni Kiasi Gani?



Wanafunzi wetu hapa Lumbadzi huziona ndege zikishuka kiwanja cha Kamuzu, na swali lao ni lile lile: ustadhi, Jeddah ni mbali kiasi gani? Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 4,000. Wasafiri wengi hupitia Addis Ababa. Hapa hadi Addis ni karibu kilomita 2,600, kama saa nne. Addis hadi Jeddah ni kilomita 1,400, saa mbili hivi. Ukijumlisha unapata 4,000 ile ile, kwani Addis iko karibu kabisa na mstari huo. Basi angani ni saa sita tu. Saa zote zinazozidi hapo ni za kusubiri. (Na mkisoma tiketi msisahau, saa za Jeddah ziko mbele ya zetu kwa saa moja.)

Wazee wetu nao walisubiri. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyekuja kuitwa Jumbe, alijiweka Nkhotakota. Majahazi yalivuka ziwa, kisha misafara ikaenda kwa miguu hadi Kilwa, ikichukua pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Aliyetaka kuendelea kaskazini kwa bahari ilimpasa angoje pepo za kusi. Akichelewa, hukaa pwani miezi mpaka msimu urudi.

Ndege nazo zilipoanza hazikuwa na haraka ya leo. Mwaka 1949 na 1950 ndege za kutua majini zilizotoka Southampton, Uingereza, zilikuwa zikishuka Cape Maclear, katika ziwa letu hili hili. Safari nzima mpaka Vaaldam, karibu na Johannesburg, ilichukua siku nne na nusu, na abiria walilala njiani.

Wanafunzi wa fiqhi watauliza: je, safari ya dakika chache ni safari? Wanazuoni wa Kishafii waliweka masafa ya kupunguza Sala kuwa marhala mbili, mwendo wa siku mbili wa ngamia waliobeba mizigo, zaidi kidogo ya kilomita 80. Ndege huyamaliza kwa dakika sita au saba. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alikwisha kulijibu hili katika Minhaj kwa msafiri wa baharini: kinachotazamwa ni masafa, hata yakikatwa kwa muda mfupi.

Sasa tutazame jirani. Kambi ya Dzaleka iko chini ya kilomita 30 kutoka kiwanja hiki. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wakiwa wa Kongo, Burundi na Rwanda. Wapo waliongoja zaidi ya miaka kumi kupelekwa Marekani au Kanada. Mtoto wa huko naye huuliza, Marekani ni mbali? Kwa ndege ni siku moja au mbili. Lakini hicho kipande cha kutoka kambini hadi kiwanjani, baba yake alianza kukingoja kabla yeye hajazaliwa.