Intaneti ya Simu za Batani Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Historia ya intaneti katika simu za mkononi za awali ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kupunguza: kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta zilipunguzwa mpaka zikaweza kupita katika njia iliyokusudiwa sauti ya mtu mmoja, na kutosha katika kioo kidogo cha simu ya batani. Nchini Tanzania, ambako Mobitel ilianzisha huduma za simu za mkononi mwaka 1994, ikifuatwa na Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, simu hizo zilinunuliwa kwanza kwa ajili ya kuongea na kutuma ujumbe mfupi.

Katika mfumo wa simu wa GSM wa mwanzo, simu iliyotaka intaneti ilipiga namba kama inavyopigiwa ndugu, ikashikilia njia hiyo peke yake hadi ikate, na mteja akatozwa kwa dakika hata alipokuwa ametulia anasoma. Mwendo wake ulikuwa biti 9,600 kwa sekunde, biti ikiwa ndicho kipimo kidogo kabisa cha taarifa, hivyo ukurasa wa kilobaiti 50 ulihitaji zaidi ya sekunde 40. Ericsson, Motorola, Nokia na Unwired Planet walikuwa wameungana mwaka 1997 kubuni WAP, utaratibu wa kuandika kurasa fupi, hasa za maneno, kwa ajili ya simu, nayo Nokia 7110 ya mwaka 1999 ikawa simu ya kwanza kuja nao. Ulisifiwa kupita uwezo wake, kwa kuwa uliufupisha ukurasa bila kuigusa bei ya dakika.

Bei hiyo ilibadilishwa na GPRS, mfumo unaoikata taarifa katika vifurushi vidogo na kuwaachia watu wengi njia moja waitumie kwa zamu, ili mteja alipe kwa kilobaiti alizotumia. Kwa mtu aliyekwangua vocha ndogo mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, tofauti hiyo ilikuwa na uzito kuliko mwendo wenyewe. Ilimbidi kwanza apate setingi, yaani maelekezo yaliyoionyesha simu lango la kampuni lilipo, ambayo kwa kawaida yalitumwa kwa ujumbe mfupi na, yasipokubali, yakaingizwa kwa mkono.

Mlima nao una tabia yake. Maeneo ya Machame, Kibosho na Marangu yako juu ya migongo yake iliyotenganishwa na makorongo marefu, na kwa kuwa mawimbi ya simu hayapendi kukingwa na ardhi, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinachoitazama Moshi huweza kupata mawasiliano mazuri wakati jirani aliye bondeni anaona netiweki ikikamata na kuachia. Urefu wenyewe si kizuizi, maana kampuni ya simu ya TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kwenye kituo cha wapanda mlima cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, Agosti 2022.

Hatua iliyowafaa zaidi wenye simu za kawaida ilitoka Norway. Opera Mini, programu iliyotolewa kwa dunia nzima Januari 2006, haikuipa simu kazi ya kuufungua ukurasa; kompyuta za kampuni hiyo ziliuchukua, zikapunguza picha, zikaubana na kuurudisha ukiwa sehemu ndogo ya uzito wake wa awali. Hilo lilikuwa na maana kubwa nchini, kwa sababu taarifa za kwenda ng'ambo zilitegemea sana setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila ombi lilipanda na kushuka kabla ya jibu nalo kufanya hivyo.

Kebo ya SEACOM, iliyopita chini ya bahari hadi Dar es Salaam na kuanza kazi Julai 2009, ilifupisha safari hiyo. Hata hivyo, haikuondoa sababu ya kutumia Opera Mini, kwa kuwa ukurasa uliobanwa ulikula salio kidogo, iwe ulipitia angani au baharini.