Nani Hulipia Kusubiri? Mwanafunzi Mgeni na Chuo Kikuu Kinapofungwa

Tarehe 1 Novemba 2016 Rais Yoweri Museveni wa Uganda aliamuru Chuo Kikuu cha Makerere kifungwe. Wahadhiri walikuwa wamegoma wakidai malimbikizo ya posho zao, wanafunzi nao wakaandamana wakitaka wafundishwe. Chuo hakikufunguliwa hadi Januari 2017. Mwanafunzi wa Masaka alipanda teksi akarudi kwao. Mkenya alifikiria mpaka wa Busia, Mtanzania akafikiria mpaka wa Mutukula, na kila mmoja akaanza kupiga hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi itatoka wapi? Na chuo kikifunguliwa wiki ijayo? Aliyepanga hosteli karibu na chuo, Kikoni au Wandegeya, alikwisha kulipia muhula mzima, na mwenye nyumba harudishi fedha kwa sababu Rais ametoa amri. Kibali cha mwanafunzi nacho kina tarehe yake ya kwisha, na tarehe hiyo haingoji mgomo umalizike.

Mijadala mingi kuhusu wanaosoma nje ya nchi zao haigusi hesabu hizi. Huanzia moyoni mwa mwanafunzi. Huambiwa awe mstahimilivu, azoee chakula, atafute marafiki. Ushauri huo hauna ubaya, ila unachanganya mambo mawili. Yapo mashaka ambayo ni sehemu ya elimu yenyewe: hujui mhadhiri anataka insha ya namna gani, na Kiganda cha sokoni kinakupita masikioni. Hayo huisha kadiri siku zinavyokwenda. Yapo pia mashaka yanayotoka maofisini: mtihani haujulikani utafanyika lini, na anayejua hasemi. Hayo hayazoeleki. Ni gharama, na kwa siku ile ile moja ya kusubiri mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji.

Nitapingwa hapa, na kwa haki. Mtoto wa mfugaji wa Karamoja huumia chuo kinapofungwa, pengine kuliko mtoto wa tajiri wa Nairobi aliyekuja na gari lake. Nakubali kwamba uraia si kipimo cha umaskini. Lakini mwanafunzi wa Karamoja hahitaji kibali cha kuwapo Uganda, ana mbunge wa kumlalamikia, na akitaka kuandamana ataandamana akiwa raia. Mgeni hana kura, na anayeshika bango huweka kibali chake rehani. Wahadhiri wa vyuo vya umma vya Nigeria walipogoma kuanzia Februari hadi Oktoba 2022, serikali na chama chao, ASUU, walivutana mbele ya taifa zima. Katika mvutano wa namna hiyo mwanafunzi mgeni hana upande unaomhesabu, wala ufadhili wenye kikomo hauongezeki wenyewe kwa miezi iliyopotea.

Kanda yetu haikuwa hivi siku zote. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na fani ziligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Aliyevuka mpaka alivuka kwa mpango wa dola, na pande zote mbili zilimtambua kuwa wa kwao. (Museveni mwenyewe alisoma Dar es Salaam kati ya 1967 na 1970; kwa hiyo amri ya 2016 ilitoka kwa mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi mgeni.) Muungano huo ulipovunjika kila nchi ilishika chuo chake, na anayevuka leo mara nyingi huvuka kama mteja anayejilipia ada. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, lakini tangazo halimpi Mkenya wa Makerere kiti katika chuo cha Dodoma pale Makerere inapofungwa.

Wanafunzi wenyewe wameziba pengo kadiri wawezavyo. Kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani hupata habari kabla ya ubao wa matangazo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu humwonyesha mgeni karani gani wa idara husema ukweli. Na yupo anayepeleka matokeo kwa msajili kila mwisho wa muhula yagongwe muhuri, kisha anapiga picha na kumtumia mama yake ayatunze kwenye simu. Wapo watakaomcheka. Lakini vita vilipozuka Khartoum, Sudan, Aprili 2023 na watu wakaikimbia na mkoba mmoja, karatasi kama hiyo ndiyo iliyokosekana.

Khartoum ilionyesha jingine pia. Mwaka huo huo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba na Teknolojia cha jiji hilo walipokelewa Rwanda, na wengine Muhimbili, Tanzania, ili waendelee na mafunzo. Ustahimilivu walikuwa nao tayari; kilichowapa wodi na mitihani ni makubaliano ya vyuo. Kama hilo limewezekana katikati ya vita, linawezekana pia katika mgomo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lingeweza kuanza na masharti matatu kwa kila chuo kinachosajili wageni: matokeo yenye muhuri kila muhula bila kuombwa, barua ya kuongeza kibali kwa siku zote ambazo chuo kimefungwa, na chuo jirani kilichokubali kwa maandishi, kabla ya ada kupokelewa, kuwachukua wanafunzi hao.